Bustani ya Kimo cha Kiwiko

2 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nafuu. Mimi sijambo. Fundi cherehani, mpangaji wako wa chumba cha uani, anakusalimu na anasema dari lake bado linavuja palepale. Nyumba ni nzima. Paka wa jirani ni mzima pia, na amehamia kwako bila kuomba.

Nilifika Jumamosi na Jumatatu nikaanza shule mpya. Huku wanatuita "wale wa paa", kwa sababu tuko wanne tulioletwa hapa baada ya upepo kuezua paa la shule yetu. Sijazungumza na mtu bado, isipokuwa kusema "nipo" wakati wa kuitwa majina, na hata hiyo nilisema mara mbili kwa sababu ya kwanza haikusikika.

Sasa jambo lenyewe. Baba aliponileta alisema nilinde nyumba mpaka utakapopona. Kuhusu bustani hakusema kitu, na mimi nilidhani bustani inajilinda. Lakini kila asubuhi Fundi ananitazama mimi, anaitazama bustani, kisha ananitazama tena, kama mtu aliyekuja kutoa pole. Nimeazima kitabu cha kilimo maktaba. Kina kurasa mia tatu na arobaini na kinaanza na miamba. Nimefika ukurasa wa hamsini, bado ni miamba, na huku nje kuna kitu kimeshaparamia dirisha la jikoni na kinachungulia ndani.

Naomba unieleze, kwa ufupi kama inawezekana, kipi ni mboga na kipi ni magugu. Nisingependa kupiga simu. Unajua nilivyo na simu.

Mwanao,
Miwani


16 Machi

Miwani,

Marahaba. Usiniandikie "natumaini itakukuta ukiwa na nafuu" kama karani wa hospitali. Na simu ndiyo, najua: unaishika unapumua tu, kama ng'ombe aliyefika kisimani. Barua ni bora. Isitoshe baba yako hawezi kusimama nyuma ya barua akininong'oneza, "Mwambie asome kwa bidii."

Habari za huku. Baba yako hajambo, anatoa amri. Mama yako hajambo, anazitengua. Mimi wamenilaza chumbani kwako, kwenye kitanda kilichotengenezwa kwa ajili ya mtoto au mtu mwenye dhambi. Nimesoma vitabu vyako viwili. Katika cha kwanza watu wote wana huzuni na hakuna anayekwenda kazini. Cha pili sikumaliza, kilinilalia usoni. Nyonga haijambo. Wameitia chuma. Usiulize zaidi.

Baba yako anasema nitarudi kwangu nikipona. Lakini hilo "nikipona" analitamka kama mtu anayesema "kuku akiota meno". Mimi nataka kurudi kwangu, Miwani. Nimekagua tiketi kwenye treni miaka thelathini na moja. Nimesimama njia nzima, behewa linatikisika, na sikuwahi kushika chuma. Sikuja duniani kumalizia siku zangu nikiletewa chai kitandani na kuulizwa kama nimekwenda haja.

Sasa bustani. Kitabu kirudishe. Kazi zake hazizidi nne, zinafanywa asubuhi kabla ya shule, na hakuna hata moja inayokutaka uongee na binadamu. Unamwagilia kwanza, kwenye mizizi na si kwenye majani, na maji yaliyooshea mchele usiyamwage. Halafu unang'oa magugu ya kujaza ndoo moja. Ndoo ikijaa unaacha, hata kama yamebaki, la sivyo utaichukia kazi ndani ya wiki. Unaokota yaliyoiva. Kisha unawakaripia wote.

Nasema kweli. Mmea usiokaripiwa unadeka. Nimewapa majina ya watu walioniudhi ili maneno yasipungue. Vitunguu ni wakubwa wangu wa zamani wa reli: vichwa wamevifukia na hawataki kujua kinachoendelea juu. Pilipili ni mama yako: mdogo, mzuri, ukimgusa usishike jicho. Hicho kilichoparamia dirisha ni boga, na boga ni baba yako. Linakwenda kila mahali bila kuitwa, linafunika wenzake wasione jua, halafu linadhani linawakinga mvua. Usilikate. Ligeuze kichwa taratibu, likiwa halijajua.

Umeuliza magugu ni yapi. Magugu ni yale ambayo ukiyang'oa unajisikia vizuri. Ukijisikia vibaya, basi ilikuwa mboga. Omba radhi uendelee.

Shangazi yako,
Nyonga ya Chuma


9 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Baba na mama nawasalimu, lakini usiwasomee barua hii. Fundi hajambo. Kuna mteja alipimwa suruali tatu, akanenepa zikiwa bado mezani, sasa wanalaumiana kuhusu futi. Paka naye hajambo. Anakojolea vitunguu, na sijamzuia, kwa sababu umenieleza ni akina nani.

Siku ya kwanza ya kukaripia nilinong'ona. Niliviambia vitunguu, "Samahani, lakini nadhani mngeweza kujitahidi zaidi." Fundi alikuwa nyuma yangu anasukutua, maji yakamtokea puani. Sasa nakaripia kwa sauti ya kawaida, kila siku, na nimegundua kwamba sauti ya kawaida ninayo. Juzi mwalimu aliuliza nani atasoma mbele, nikasikia mtu amesema "mimi". Nilikuwa nimeshafika mbele ndipo nikamjua ni nani.

Nataka kukuambia jambo na usinicheke. Ni kuhusu ile ndoo. Wiki ya kwanza niliijaza kwa hasira huku natazama saa. Siku hizi naijaza polepole makusudi. Udongo ukiwa na unyevu wa asubuhi, gugu likikubali linatoka zima na mzizi wake wote, na linapotoka kuna sauti ndogo sana, kama kifuniko cha mtungi kinapofunuliwa na mtu asiyetaka kuamsha wenzake. Nimejaribu kuiandika sauti hiyo kwenye daftari mara nne, nimeshindwa. Jana ndoo ilipojaa nilisikitika, nikamwaga kidogo, nikaijaza tena, nikachelewa shule. Mikono yangu inanuka majani ya nyanya mpaka kwenye kipindi cha hesabu. Huwa naipeleka puani nikijifanya nafikiri. Nimeishi miaka kumi na sita na hakuna aliyewahi kuniambia.

Wiki iliyopita alikuja mtu na futi ya chuma. Alisema ni wa maji. Akapima bustani, lango na sebule, akaondoka.

Nina maswali mawili. La kwanza, mimi ni mmea gani? La pili ni la kitaalamu: ukiwa umekaa kitini, kiwiko chako kiko sentimita ngapi kutoka sakafuni?

Mwanao,
Miwani


1 Mei

Miwani,

Marahaba. Hapa wote wazima, kwa bahati mbaya. Baba yako amenunua kengele ya mezani niigonge nikitaka kitu. Nimeigonga mara arobaini siku ya kwanza, nikitaka aondoe kengele. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini.

Mtu wa maji hapimi sebule.

Habari za ndoo nimezisoma mara mbili. Sijacheka. Hiyo sauti naijua, na mimi pia sina neno lake, nami nimeishi sitini na tisa. Lakini usimwage ndoo tena. Hiyo ni tamaa, na magugu hayana mwisho, yatakungoja.

Wewe ni mpera ule ulio langoni. Niliupanda mwaka uliozaliwa. Hauzai, haufi, unasimama pembeni unatazama watu wanaopita. Kila mtu ameniambia niukate. Nimewajibu kwamba haujamuudhi mtu.

Kuhusu kiwiko: unanipimia jeneza? Mwambie Fundi kwamba sina haraka. Nani amekwambia nitakuwa nimekaa?

Shangazi yako


12 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Salamu za Fundi. Samahani, leo salamu ni fupi.

Yule mtu wa futi alirudi jana na mwenzake. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya bilinganya, hawakuniona. Mwenzake alisema hapa yataingia magari mawili, udongo watausawazisha na kumwaga kokoto. Mpangaji mpya anahamia Agosti. Walipoondoka nilimuuliza Fundi. Akasema anajua, Baba alishapanga nao tangu Februari na kumwomba asiniambie, na Fundi akaanza kulia kwenye kitambaa cha mteja.

Kwa hiyo mimi sikuletwa kulinda nyumba mpaka utakapopona. Nimeletwa kuilinda mpaka Agosti. Na nadhani wewe ulijua.

Sikujitokeza mbele yao. Nilibaki nyuma ya bilinganya na ndoo yangu. Walipolifunga lango na Fundi akanieleza, ndipo nikaligeukia boga na kulikaripia kwa sauti, kama ulivyoagiza. Nimeliambia linakwenda kila mahali bila kuitwa, linafunika wenzake wasione jua, halafu linadhani linawakinga mvua. Nimeyarudia maneno hayo mara tatu. Boga ninalosema ni lile unaloliita Baba.

Sasa nakueleza ile hesabu ya kiwiko. Fundi anasema mtu mwenye chuma nyongani hawezi kuinama, na bustani yako yote iko chini. Basi nimefikiri, ikiwa wewe huwezi kuishukia bustani, bustani inaweza kukupandia. Stoo kuna ile milango miwili uliyoing'oa ukasema unaishi peke yako, unamfungia nani. Nitailaza juu ya matofali, niizungushie mbao, niitoboe matundu, nijaze udongo. Zitakuwa meza mbili za kulimia. Njia ya katikati nitaipanua ipitike kwa mkongojo. Kitabu kinasema udongo uwe usawa wa kiwiko cha mkulima. Ukurasa wa mia mbili na sita. Si miamba yote.

Baba akiona unaweza, hatakuwa na la kusema. Naomba kipimo.

Miwani


4 Juni

Miwani,

Marahaba. Nimepata barua yako na zile mbili fupi za kuuliza kama nimekufa. Sijafa. Nilikuwa na shughuli.

Ndiyo, nilijua. Sikukuambia kwa sababu mtu anayejua bustani itamwagiwa kokoto hajazi ndoo polepole. Nilitaka mmoja wetu aifurahie.

Barua yako ya tarehe kumi na mbili aliifungua baba yako. Bahasha ilikuwa na anwani yake, na amri ni ugonjwa, inaanzia mikononi. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni kwako. Nilimwona anafika kwenye boga, anarudi juu, anafika tena kwenye boga. Kisha akanipa, akatoka. Alikula milo miwili bila kuamuru mtu chochote. Mama yako akampima homa.

Mlo wa tatu akasema, "Kwa hiyo mimi ni boga."

Nikamwambia, "Boga zuri, mdogo wangu. Hakuna aliyesema ni bovu."

"Nakukinga, Dada. Ulianguka bustanini ukalala chini masaa matatu mpaka Fundi akarudi."

Nikaomba chumvi.

Jana ameamua. Tarehe ishirini na sita Julai tunakuja, yeye na mimi. Anasema tunakuja kufunga vitu vyangu. Lakini kesho yake asubuhi nitaingia bustanini peke yangu, bila kushikwa mkono, nifanye kazi kama nilivyozoea. Nikiweza, anawarudisha wale wa kokoto walikotoka. Nikishindwa, nafunga mizigo bila kugonga kengele. Tumepeana mikono. Mkono wake ulikuwa na jasho, wangu haukuwa nalo.

Humu ndani kuna uzi. Mwisho mmoja ni sakafu, fundo ni kiwiko. Usiulize sentimita, mimi ni mtu wa reli, si fundi nguo.

Shangazi yako


27 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Mama na Baba wasalimie, hata Baba. Fundi anakusalimu kwa mkono mmoja, wa pili umeangukiwa na tofali lakini ni kidole kidogo tu.

Milango imeshatoka stoo. Paka alikuwa amezalia juu ya mmoja, tukampa droo ya kabati lako. Mbao tumepata kwa seremala wa barabara ya shule. Nilikwenda mwenyewe kumwomba. Nilijiandalia maneno njiani, nilipofika nikayasahau yote, nikamkaripia. Nikamwambia, "Mbao zinaoza hapa na kuna watu wana kazi nazo." Akanitazama, akazifunga kwa kamba.

Udongo nauhamisha kila asubuhi, ndoo kumi na mbili kabla ya shule. Ni ileile ndoo ya magugu. Spinachi nimeihamisha jioni ikanyauka, nikadhani nimeiua, asubuhi ikawa imesimama kama askari. Bilinganya moja nimeiua kweli. Nilijisikia vibaya, kwa hiyo nimeomba radhi na kuendelea.

Lakini kuna tatizo, nami nimelipima mara tano. Uzi wako una sentimita tisini na sita. Nimepanga matofali saba kwenda juu ili udongo ufike kwenye fundo. Kisha nikaleta ile stuli yako, nikakaa. Udongo umenifika kidevuni. Nilikuwa natazamana na kitunguu uso kwa uso. Fundi naye akakaa, yeye ni mfupi, akaonekana nywele. Anasema uzi haudanganyi, anayedanganya ni aliyeushika.

Shangazi, naomba unijibu kweli. Ulipojipima ulikuwa umekaa? Nikitoa matofali matatu kila nguzo inakaa sawa kwa mtu wa stuli. Bado kuna muda. Nikikosea hapa, yale magari mawili yataegeshwa juu ya kosa langu.

Miwani


10 Julai

Miwani,

Marahaba. Wote wazima.

Jenga kama uzi unavyosema.

Shangazi yako


19 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo. Tulifika salama. Paa jipya la shule yetu ni la buluu na linapiga kelele mvua ikinyesha, walimu wanaandika tu ubaoni mpaka ipite. Mama hajambo. Kengele ameipeleka dukani anakofanya kazi. Nakuandikia nikiwa kitandani kwangu, ambacho umekiacha na bonde katikati.

Najua tulikuwa pamoja siku ile, lakini kuna mambo hukuyaona kwa sababu ulitupa mgongo makusudi. Nataka uyajue.

Ulipoingia bustanini Baba alivua saa akaishika mkononi kama mwalimu wa michezo. Ulipofika kwenye meza ya kwanza ukaegemeza mkongojo ukutani, mimi nilifumba macho. Nilikuwa na hakika umenidanganya kwa kiburi na sasa utaanguka mbele ya watu. Nilifumbua niliposikia unavitukana vitunguu. Ulikuwa umesimama. Kiwiko chako kilikuwa sawasawa na udongo, hakikupungua wala kuzidi. Fundi alinifinya mkono, na alama bado ninayo.

Baba hakuwa anakutazama wewe, Shangazi. Alikuwa anatazama magoti yako. Nilimsikia anahesabu. Dakika ya kumi midomo yake ilikuwa imekauka. Ya ishirini alipiga hatua moja mbele, nikamshika shati. Sijawahi kumshika Baba shati. Ya ishirini na sita wewe ukakaa kwenye stuli, na yeye akasema, "Umekaa, Dada." Na wewe ukasema bila kugeuka, "Kukaa nako ni kazi. Leta hizo mbegu nichambue, na kama huna la kufanya, hapo mguuni pako pana gugu."

Aliinama kuling'oa kwa hasira tu. Nilimwona. Alilitupa. Kisha nikaona anatazama jingine, kama mtu aliyesahau kitu chumbani. Alilivuta lile la pili polepole, likatoka zima, na akabaki ameinama na kichwa kimeelekea upande mmoja, anasikiliza. Mimi nikaenda nikamwekea ndoo pembeni. Ulipoinuka tena kwenda meza ya pili hakukuona. Saa alikuwa ameiweka juu ya udongo, ukaimwagilia. Mpaka leo inasema ni saa tatu na dakika nne.

Adhuhuri alikuwa na tope magotini na ndoo nne. Alipoulizwa na yule mtu wa futi kwenye simu alisema, "Hapana, bwana, hapa pana watu." Kwenye treni tulifika kituo cha tatu. Ndipo akaniuliza kama na mimi huwa naisikia ile sauti.

Jana nimefagia nyuma ya mlango wa chumba hiki. Nimeuona mstari ukutani. Umechorwa kwa penseli yangu, sentimita tisini na sita kutoka sakafuni, nimepima. Chini yake kuna tarehe na hesabu. Juni tano, dakika moja. Juni sita, dakika moja. Juni saba, "nimeangukia kitanda, haihesabiwi". Juni ishirini na saba, dakika tisa. Siku niliyokuandikia kuhusu kidevu ulikuwa na dakika tisa, Shangazi. Julai ishirini na nne, "ishirini, na nimeimba". Kwa hiyo uliponitumia uzi hukuwa unaweza kusimama hata dakika mbili. Ulinitumia kipimo cha mtu ambaye hakuwepo bado.

Mama alikuja na kifutio. Nimemwambia huo ukuta haufutwi. Nilisema kwa sauti ya kawaida.

Mwanao,
Miwani


15 Septemba

Miwani,

Marahaba. Fundi hajambo, dari lake limevuja mpaka likaacha, nadhani limechoka. Paka ana watoto watatu na hakuna hata mmoja anayenisalimu.

Penseli yako ilikuwa fupi ndiyo maana mwandiko ni mbaya. Kitu kingine sikisemi kuhusu ukuta. Ulikuwa wa baba yako, sikuwa na mahali pengine pa kuandika.

Malalamiko. Uliweka mbao zenye misumari inayochomoza, nimechanika sketi. Nyanya umezipanda karibu mno, zinasengenyana. Boga limelala juu ya paa la choo na limezaa saba. Nimemwandikia baba yako, akajibu atakuja mwenyewe kuyaangalia. Nimemwambia hatulihitaji boga la pili. Anakuja hata hivyo, na ameuliza kama ile ndoo ipo.

Sasa nikwambie la kweli, maana uliniomba kweli Juni nikakunyima. Asubuhi nasimama nusu saa. Baada ya hapo siwezi, na mikono bado inataka kazi. Meza ya langoni iache kama ilivyo, hiyo ni ya kusimama. Ya dirishani, ukija Desemba, toa matofali matatu kila nguzo. Ulipima vizuri. Aliyeushika uzi ndiye aliyekuwa na haraka.

Mpera umetoa ua. Usivimbe kichwa, ni moja tu, na upepo wa Jumanne umeliangusha. Lakini nilikuwa nimesimama, nikaliona.

Shangazi yako